Upande wa Kushoto wa Nyumba

Jogoo aliyetuingiza mjini alikuwa wa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi wote tulimwita Kukhu. Alikuwa jogoo mwekundu, mkubwa kama mbwa wa chifu, na alipowika alfajiri watu wa Iguhu huko mbali walidhani wamechelewa kanisani. Kukhu hakuwa na saa. Jogoo yule ndiye aliyemwamsha, ndiye aliyemtabiria wageni, na nadhani ndiye pekee aliyemsikiliza hadi mwisho kila alipoanza kumsema baba.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Boma letu lilikuwa mteremkoni, nje kidogo ya mji mmoja wa huku kwetu Kakamega. Jina la mji sitalitaja, kwa sababu waliokuwa madiwani wake wakati ule bado tunagombania nao mafungu ya mboga katika soko moja. Juu ya boma ilipita njia ya miguu iendayo mjini. Chini kilipita kijito. Katikati kulikuwa na nyumba ya baba, kisima, migomba, nyumba ya Kukhu na kaburi la babu. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba ya Kukhu, kama inavyotakiwa kwetu: mume hulala kulia, mke kushoto. Upande wa kushoto Kukhu hakupanda kitu. Hata mchicha ukijiotea aliung'oa.

"Hapo ni kitandani kwangu," alisema. "Nani anapandanga sukuma kitandani?"

Baba alikuwa fundi wa baiskeli sokoni. Kwa miaka mingi wenzake wa mjini walimwita mtu wa rizavu, yaani wa nje ya mji. Wakigawana chai, mtu wa rizavu alipewa kikombe kisicho na mkono. Wakijadili mambo ya mji, aliambiwa anyamaze kwani yeye si wa huko. Kwa hiyo diwani aliposimama kwenye baraza ya chifu na kutangaza kwamba mji utapanuliwa, baba alipiga makofi hadi viganja vikavimba. Diwani aliahidi maji ya bomba, taa za barabarani, lami, zahanati. Alituahidi vitu vingi kiasi kwamba mimi nilianza kuogopa tutakosa pa kuviweka. Kuhusu wafu hakusema neno, na hakuna aliyeuliza. Ukiwa umeahidiwa taa, hufikirii giza.

Wapimaji ardhi walikuja na chombo chao cha miguu mitatu. Baba aliwasubiri njiani akiwa amevaa koti la Krismasi, na jua lilikuwa linawaka kama limetumwa.

"Mstari utapita wapi?" aliuliza.

Mkubwa wao alimwonyesha ramani. "Mzee, aliyechora hapa alitumia kalamu nene. Unaweza kuwa njia hii ya juu. Unaweza kuwa kijito. Kalamu imefunika vyote viwili."

"Ukiwa njia hii, mimi niko wapi?"

"Nje."

"Na ukiwa kijito?"

"Ndani."

Baba alikunja ramani ya watu kwa mikono yake mwenyewe. "Karibuni kwanza mkule. Mtu hapimi mashamba ya watu na njaa."

Kukhu alikuwa ameenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Hapo ndipo jogoo alipokamatwa. Alitukimbiza kuanzia kisimani hadi kijitoni na kurudi, na mpaka leo naamini alijua. Mama akasonga obusuma, ugali wetu, mlima mzima. Wapimaji walikula huku jasho likiwatiririka, na ilipofika firigisi, baba aliichukua akaiweka kwenye sahani ya mkubwa wao.

Yeyote wa kwetu atakuambia hilo lilikuwa jambo zito. Firigisi ni ya mwenye boma. Mtoto hawezi kuigusa, mke haitamani, na mgeni akipewa anajua amepewa zaidi ya nyama. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama baba, akaingia ndani.

Wakaja kuweka jiwe la mpaka chini, ukingoni mwa kijito. Kama ni firigisi iliyopinda mstari au ni kalamu nene, sijui. Kila mahali duniani, nimeambiwa, watu huwahonga wapimaji ili mji usiwaguse. Sisi tuliwalisha ili utumeze.

Kukhu aliporudi alisimama uani akageuza kichwa huku na huku.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

"Mama," baba akasema, "tumeingia mjini."

"Nimeuliza jogoo."

Mji ulikuja polepole, na ulianzia upande wa kuchukua. Kodi ya ploti ilifika kabla ya ploti yenyewe kujua kwamba ni ploti. Askari wa kanju, wale wa baraza la mji, walikamata mbuzi wetu njiani wakisema mbuzi hawaruhusiwi kuzurura mjini, na mbuzi wale, ambao hawakuwa wamehama hata hatua moja, walilala korokoroni. Trekta la takataka lilianza kumwaga uchafu wa soko bondeni karibu na kijito, kwa kuwa sasa bonde lile lilikuwa la mji. Lakini bomba lilikuja, niseme ukweli. Walichimba mtaro, wakazika mabomba, wakasimamisha mfereji mmoja pale juu njiani, wenye kichwa cha shaba kilichong'aa kama jino la tajiri. Ulipofunguliwa ulikohoa. Ulikohoa hewa kwa miaka, hadi watoto wakawa wanauiga. Tuliendelea kuteka maji kisimani.

Baba hakulalamika. Kila Krismasi alilipaka jiwe lile la mpaka chokaa. Na sokoni sasa alipewa kikombe chenye mkono.

Kisha ikaja sheria ndogo ya makaburi. Ilisomwa kwenye baraza: ndani ya mipaka ya mji hairuhusiwi kuzika katika boma la mtu. Maiti wote waende kwenye makaburi ya umma, nyuma ya kichinjio. Tulijua makaburi yale. Huko walizikwa watu waliookotwa barabarani na wale waliokaa mochari hadi mochari ikawachoka. Mtu mwenye kwao hakuzikwa huko. Kwetu, kumwambia mtu "utaenda nyuma ya kichinjio" lilikuwa tusi la kuanzisha vita, na watu wa baraza la mji walilisoma kama ratiba ya mvua.

Tulidhani ni maneno ya karatasi. Boma moja la juu yetu walimzika kijana wao nyumbani, kimya, bila ngoma. Baada ya siku chache afisa wa afya alikuja na askari wa kanju na amri ya korti. Walimfukua mchana, mama yake akiwa amekaa chini ameshika mguu wa askari mmoja. Hakuwa analia, alikuwa ameushika tu. Askari akawa anachimba na mguu mmoja. Mimi huwa naongeza chumvi kwa kila kitu, lakini harufu ya siku ile sitaiongezea kitu. Ilishuka kwa mteremko mzima ikaingia nyumbani kwetu, na Kukhu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuugua tumbo, aliuliza ni nini. Hatukumjibu. Akasema, "Basi nimejua."

Tangu siku hiyo hakukuwa na mazungumzo mengine nyumbani. Ugonjwa wa Kukhu ulikuwa wa kwenda tu, haukuwa wa kurudi. Hospitali walimpa vidonge vya rangi tatu na kutuambia tumpe chakula anachopenda. Swali lilikuwa moja: atalala wapi. Alimuuliza baba kila asubuhi, kama mtu anayeulizia kama ng'ombe wamenyweshwa.

"Mwanangu, umeenda kwa hao watu wako?"

"Nitaenda, Mama."

"Enda kabla mimi sijaenda."

Mimi wakati huo nilikuwa nasaga mahindi kwenye kinu cha posho mchana, na jioni nasoma shule ya watu wazima, darasa la taa moja na wanafunzi wenye ndevu. Nilikuwa nimefika mahali pa kujiona. Baba aliniomba twende wote kwenye ofisi za baraza la mji, kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili cha ofisi. Kukhu aliniita kando ya kitanda chake. Kama nyanya wote wa kwetu, aliniita mume wake.

"Mume wangu," akasema, "umesoma usiku mpaka macho yamekuwa ya bundi. Leo ongea. Usiniletee aibu."

Afisa wa afya alikuwa kijana mpole, na hilo ndilo lililotushinda. Mtu mkali ungemkasirikia. Huyu alimpa baba kiti, akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema:

"Mzee, nyinyi mnachota maji ya kisima hatua chache kutoka makaburini. Kipindupindu hakijui mila. Mwaka jana tumezika watoto."

"Nipatie maji ya bomba. Nitafunga kisima leo."

"Maji ni idara ingine."

Nikaona huo ndio wakati wangu. Nilisimama nikatoa hotuba. Nilitumia maneno yote niliyofundishwa tangu nianze shule ya jioni, hata yale ambayo hayakuwa na kazi pale. Mpiga taipu aliacha kupiga. Nilipoketi, afisa alisema, "Umeongea vizuri sana, ndugu," na hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Baba akajaribu njia nyingine. "Basi tutoeni. Rudisheni mpaka juu kwa njia, kama zamani. Sisi tuwe rizavu."

"Mzee, watu hukujanga hapa kulia kwamba wameingizwa mjini kwa nguvu. Wewe pia uliingizwa kwa nguvu?"

Baba alitazama kiti alichopewa. Alikuwa mtu asiyeweza kudanganya akiwa ameketi. "Niliomba," akasema.

"Uliomba?"

"Niliwapikia wapimaji jogoo."

Mpiga taipu alicheka akafunika mdomo. Afisa hakucheka. Alimtazama baba kwa muda, kama mtu anayetazama jeraha la mwingine. "Mpaka ukishachorwa hauna mlango wa kutokea, mzee. Lakini ng'ambo ya kijito mimi sina mamlaka. Huko mnaweza kuzika mnavyotaka."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika chini kwenye jiwe la mpaka, lile jiwe la chokaa, baba aliliangalia, akavua viatu akavuka kijito. Nikamfuata.

Ng'ambo aliishi mzee mjane, mfugaji wa fahali wa kupiganisha, wa rika moja na babu. Watu walijua, na yeye hakuficha, kwamba katika ujana wake alitaka kumwoa Kukhu, ila babu alimtangulia na ng'ombe. Yeye na babu walibaki marafiki wa kutaniana hadi babu alipokufa. Tulimkuta akimpangusa fahali wake mgongo.

Baba alimweleza. Mzee aliendelea kupangusa.

"Unaniomba nikupe mahali pa kumlaza mama yako kwa shamba langu."

"Ndiyo, baba."

"Nitakupa. Sitaki hata shilingi. Chagua mahali, hata hapa mlangoni." Akageuka. "Lakini wewe si mtoto. Mwanamke akilazwa kwa boma la mtu, ni wa huyo mtu. Mimi nimemngoja maisha yangu yote, sikukatai. Ila baba yako amelala pale ng'ambo anatusikia. Atanishika koo."

"Hakuna njia nyingine."

"Peleka kwao Iguhu."

"Akirudi kuzikwa kwao si ameachika? Wajomba watataka tukae chini tuzungumze ng'ombe wa mahari. Mama yangu aachike akiwa maiti?"

Mzee alishika pembe ya fahali wake akaitikisa polepole. "Basi enda umuulize mwenyewe," akasema. "Mwambie mimi nimekubali. Mwambie hivyo hivyo. Atacheka."

Na alicheka kweli. Alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu. "Bado ananitaka?" akauliza. "Nikiwa hivi?" Kisha akalivuta blanketi lake la maua hadi kifuani. Nje watoto walikuwa wanauiga mfereji, wanakohoa kwa zamu.

"Sikilizeni," akasema mwishoni. "Nikilala kwa huyo mzee, nimeolewa mara ya pili, na baba yako ananitazama. Nikirudi Iguhu, nimeachwa. Mkinizika hapa kwa siri, watanitoa kama yule kijana, na wewe mwanangu utashika mguu wa askari. Sitaki ushike mguu wa mtu." Akapumzika. "Nipelekeni nyuma ya kichinjio."

Baba aliinamisha kichwa. "Mama, huko ni kwa watu wasio na kwao."

"Ndiyo. Huko nitakuwa mgeni tu. Mgeni si mke wa mtu, wala hajafukuzwa na mtu. Mgeni hana aibu, ana safari." Akanigeukia. "Si kweli, mume wangu msomi?"

Nilisema ni kweli. Ningesema nini?

"Lakini hapo kushoto," akamwambia baba, "usipaache wazi. Baba yako akigeuka asikute baridi. Unajua cha kufanya."

Alifariki wiki za ukame, nyasi zikiwa zimegeuka rangi ya mkate. Tulimlaza nyumbani usiku mmoja, ngoma za isukuti zikapigwa hadi ngozi zikalegea, na mzee wa ng'ambo alivuka kijito na fahali wake akamzungusha mbele ya nyumba, jambo ambalo kwetu hufanyiwa wanaume waliotenda makubwa. Hakuna aliyemzuia. Asubuhi tukampakia kwenye gari la mizigo, na badala ya kubeba jeneza hatua chache hadi kushoto kwa nyumba, tulilipitisha mbele ya mahali hapo, tukapanda njia, tukapita mfereji mkavu, tukapita soko. Wauza nyanya waliinuka. Mafundi wa baiskeli, wale waliompa baba kikombe chenye mkono, walivua kofia.

Makaburi ya umma yalikuwa na mashimo yaliyochimbwa mapema yakasubiri, kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Askari wa getini alisema ngoma zibaki nje. Kukhu aliwekwa kati ya mtu aliyegongwa na lori akakosa wa kumtambua, na mtoto mchanga wa hospitali. Walipigilia kigingi cha mbao chenye namba nyekundu. Kunguru wa kichinjio walikaa ukutani wakitungoja tumalize, na upepo ulituletea harufu ya damu ya ng'ombe. Mchungaji alisoma haraka kwa sababu ya nzi.

Jioni hiyo akina mama wazee walifanya alichotaka Kukhu. Kwetu, mtu asipopatikana mwili, amezama au amepotea vitani, huzikwa mgomba badala yake ili nyumba isiwe na pengo. Walikata mgomba wa kimo chake, wakauzungushia blanketi lake la maua, wakaulaza upande wa kushoto. Walizungumza nao wakati wa kuulaza. Walimwambia habari za nyumbani, kwamba mbuzi amezaa, kwamba fulani anakuja kesho. Kisha wakafukia, pakawa na tuta.

Sijui ni nani aliyekwenda kusema mjini kwamba pana tuta. Afisa wa afya alikuja na askari wawili na sepetu. Mmoja alikuwa yule aliyechimba na mguu mmoja.

"Mzee," afisa akasema, "tulielewana."

"Mama yangu yuko nyuma ya kichinjio. Mliweka kigingi wenyewe."

"Na hii?"

"Ni mgomba."

Afisa aliangalia tuta, akaangalia kaburi la babu upande wa pili. "Mzee, hata mimi ningekuwa wewe ningesema ni mgomba."

"Basi chimba."

Walichimba. Akina mama walitoka nyumbani wakasimama mstari mmoja, wamefunga leso kiunoni. Hakuna aliyepiga kelele. Baba alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya Kukhu, mikono juu ya magoti. Nilimwona akiiangalia miguu ya askari yule, kisha akaikunja mikono yake kwapani, akaibana.

Sepetu iligusa blanketi. Maua yakaonekana, yale mekundu na manjano, yamelowa udongo. Askari wa kwanza aliruka nje ya shimo. Afisa akasogea ukingoni. "Fungua kichwani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Yule askari wa mguu mmoja, nimwite hivyo, alipiga magoti akafunua. Mgomba ulikuwa umeanza kuwa mweusi, unatoa maji. Alikaa hapo amepiga magoti. Kisha akavua kofia ya kanju akaiweka kwenye nyasi.

"Mkubwa," akasema, "hii ni ya mila. Hii haitolewangi. Tufukie."

"Najua," afisa akasema. "Mimi pia nina nyanya." Aliangalia mikono yake, iliyokuwa na udongo ingawa sikumwona akigusa kitu. "Mzee, naomba maji ya kunawa."

Baba aliinua kidevu kuelekea juu njiani. "Mfereji ndio ule."

Tulimtazama akipanda mteremko. Tulimtazama akikishika kile kichwa cha shaba. Mfereji ulikohoa. Akajaribu tena, ukakohoa tena. Aliposhuka, mama alikuwa amekwisha kuteka ndoo kisimani, kile kisima chetu cha kipindupindu, na afisa akanawa humo hadi viwikoni. Akaondoka na watu wake. Askari alirudi mbio kuchukua kofia aliyoisahau.

Akina mama wazee walisema kilichozikwa kikishaona jua hakilali tena. Wakaondoka wamejishika vichwa. Baba alifukia peke yake.

Watu huniuliza kama mgomba ule ulichipua. Najua wanataka nini. Kwa kawaida yangu ningewapa shamba zima la ndizi, kila mkungu mzito wa kubebwa na watu wanne. Haukuchipua. Ulioza, udongo ukatitia, na upande wa kushoto wa nyumba pakawa na bonde dogo lililotuamisha maji kila mvua ikinyesha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini uchaguzi ulileta madiwani wengine. Afisa wa afya alihamishwa. Sheria ndogo haikufutwa, wala hakuna aliyetangaza chochote. Ilikosa tu mtu wa kuifuata. Boma la juu walimzika baba yao nyumbani, mchana, na isukuti, na diwani mpya akaja kula. Baada ya hapo kila mtu alizika kwake kama zamani.

Baba alingoja wiki kadhaa ili awe na uhakika. Kisha akanunua blanketi jipya la maua, akamwomba mzee wa ng'ambo, ambaye sasa alitembea kwa fimbo mbili, atusindikize, tukaenda watatu nyuma ya kichinjio kumwona Kukhu, ili ajue tutakuja kumchukua. Tulikuwa tumepanga kila kitu. Kondoo wa kafara alikuwa amenunuliwa.

Mlinzi wa makaburi alikuwa mpya. Tulimpa namba. Alitutazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo.

"Vigingi viliisha," akasema. "Watu walichukua kuni. Wakati ule unga ulipopanda na makaa yakapanda, watu walipikia vigingi."

Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Chini yake ardhi ilikuwa mawimbi tu, moja kama lingine. Mlinzi alitembea mbele yetu akipiga nyasi kwa fimbo. "Wa mwaka huo ni kama hapa," akasema. Akaenda mbele kidogo. "Ama hapa. Mnaweza kujaribu, lakini mkifungua mwingine, mimi sitajua mtamwambia nini."

Mzee wa ng'ambo alichoka akaketi chini. Nilitafuta mtoto mchanga na mtu wa lori kwa macho, kana kwamba wangeinua mikono. Baba alisimama na lile blanketi chini ya kwapa. Alikuwa mtu wa mjini kwa karibu miaka kumi sasa, na sikuwahi kumwona akiwa mdogo vile. Alisafisha koo. Kisha akaamkia, kwa lugha yetu, kwa sauti kubwa, kama mtu anapoingia bomani kwa watu wasiomjua na hana hakika mlango ni upi.

Alijitambulisha. Alisema ni mtoto wa nani na ametoka wapi. Alisema ana mama yake humo, amelala nao, ni mwanamke mcheshi, wamvumilie.

"Ni mgeni wenu," akasema. "Sikujua angekaa."

Akalikunjua blanketi, na kwa kuwa hakujua alipo, akalitandaza pale pale aliposimama.